Kupe Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Kuwakinga Mbwa na Paka kwa Wakazi wa Malindi

Anayetaka kujua ukubwa wa tatizo la kupe nyumbani kwake asianze kwa kumkagua mbwa. Asubiri magharibi ipite na giza liingie, achukue tochi, aende akasimame mahali mbwa anapolala, kisha aumulike ukuta polepole kuanzia sakafuni hadi kimo cha kifua. Mimi nilifanya hivyo nyumbani kwetu Muyeye, baada ya miezi miwili ya kumwogesha mbwa dawa kila Jumamosi bila nafuu ya kudumu. Ukuta wetu ni wa mawe ya matumbawe, na lipu yake imebanduka upande wa banda la mbwa. Katika mwanga wa tochi niliona vidoa vya hudhurungi, vidogo kama punje za ufuta, vikipanda juu bila haraka, na karibu kabisa na boriti kupe mmoja wa kijivu, aliyevimba kama mbegu ya mbarika, akijisukuma ndani ya ufa ambao nisingedhani ungemtosha. Jirani yetu, bibi wa Kigiriama aliyefuga mbuzi na mbwa tangu utotoni, alicheka nilipomsimulia asubuhi yake. "Mwanangu," akasema, "wewe waosha mbwa, na kupe wako ukutani. Akirudi kulala, wamngoja pale pale."

Maneno hayo ya bibi ndiyo msingi wa mwongozo huu. Kupe unaowaona kwenye masikio ya mbwa ni wale waliokuja kula tu. Makazi yao ni nyumba yako, na anayeshughulika na mbwa peke yake atakuwa akivuna kupe kila wiki kama anayevuna mchicha.

Mjue kupe unayepambana naye

Kupe anayesumbua zaidi majumbani ni yule wa hudhurungi anayependa mbwa, ambaye wataalamu humwita Rhipicephalus sanguineus. Anatofautiana na jamaa zake wengi kwa jambo moja: hahitaji nyasi wala pori. Anaweza kuzaliwa, kukua, kujamiiana na kutaga ndani ya ua uliosakafiwa saruji, maadamu pana mbwa wa kumnyonya na nyufa za kujificha. Joto letu la pwani linamfaa mwaka mzima.

Maisha yake yana hatua nne. Kutoka kwenye yai hutoka kupe mchanga mwenye miguu 6, ambaye humpanda mbwa, hunyonya damu kwa siku chache, hudondoka na kujificha ufani ili ajivue gamba. Hutoka pale akiwa na miguu 8, humpanda mbwa tena, hunyonya, hudondoka, hujivua tena na kuwa mkomavu. Mkomavu naye humpanda mbwa kwa mara ya tatu, na jike hunyonya kwa muda wa wiki moja au zaidi hadi avimbe, kisha hudondoka na kutambaa, mara nyingi akielekea juu, akatafute ufa wa kutagia. Jike mmoja anaweza kutaga mayai hadi 4,000 hivi, akafa papo hapo. Katika hali ya hewa kama yetu, mzunguko wote huweza kukamilika kwa miezi miwili au mitatu, na mkomavu aliyekosa damu huweza kuvumilia njaa kwa zaidi ya mwaka mzima.

Ukiyatazama maisha hayo vizuri utaelewa kwa nini mambo tunayoyafanya kwa mazoea hayafui dafu. Kumwogesha mbwa huua wale waliomo mwilini siku hiyo, lakini wenzao waliojificha wakijivua magamba hawaguswi. Kunyunyiza nyumba mara moja huwakosa mayai, kwa kuwa dawa nyingi hazipenyi yai. Na wale wanaoamua kumhamishia mbwa kwa ndugu huko Ganda au Mambrui, wakidhani kupe watakufa njaa, hujikuta baada ya wiki chache wanatambaliwa wao wenyewe na watoto wao, kwa sababu kupe aliyekosa mbwa hujaribu binadamu.

Kupe huyu asichanganywe na papasi, ambaye ana ngozi laini iliyokunjamana, hukaa kwenye sakafu na kuta za udongo, hutoka usiku na kunyonya kwa dakika chache tu kabla ya kurudi mavumbini. Papasi hueneza homa ya papasi kwa watu, na dawa unayompa mbwa haitamfikia.

Hatua ya kwanza: kumkagua mnyama kila siku

Ukaguzi ufanywe kwa vidole zaidi kuliko kwa macho, kwa kuwa kupe mdogo hujificha chini ya manyoya na huonekana pale tu amekwisha kuvimba. Anza kichwani: pitisha kidole ndani ya sikio na kwenye mikunjo yake, kisha kandokando ya kope, chini ya kidevu na shingoni, ukivua ukanda wa shingo kabisa, kwani chini yake ndipo mahali pa raha kwa kupe. Shuka makwapani, kifuani, kinenani na chini ya mkia, na umalizie kwenye nyayo, ukitenganisha kidole kimoja baada ya kingine. Mahali hapa pa mwisho ndipo watu wengi huparuka, na ndipo mimi huwapata wengi kuliko kwingine kote baada ya masikio. Mbwa anayelamba mguu mmoja bila kuacha aangaliwe vidoleni kabla ya kudhaniwa amechomwa na mwiba.

Paka hujisafisha mwenyewe, hivyo kupe humbakia pale ulimi usipofika: masikioni, kwenye paji la uso, chini ya kidevu na nyuma ya shingo. Dakika mbili zinatosha, akiwa amelala mapajani.

Sababu ya kukagua kila siku ni ya kitabibu. Baadhi ya vijidudu vya maradhi huhitaji siku moja au mbili za kunyonywa kabla ya kuingia kwa mbwa, na vingine huingia kwa saa chache tu. Kupe anayetolewa jioni ile ile aliyopanda ana nafasi ndogo ya kuleta madhara kuliko anayeachwa hadi Jumamosi ya kuoga. Katika nyumba za Waislamu ambako mbwa ni wa ulinzi na hukaa langoni, kazi hii mara nyingi huachiwa mlinzi, na mlinzi naye huiacha kwa kuwa hakuna aliyemwambia ni kazi yake. Mwambieni waziwazi, na mumpe glavu. Hizo zinamfaa kila mtu, awe na wasiwasi wa najisi au asiwe nao, kwa kuwa damu ya kupe aliyepasuka haifai kugusa ngozi yenye mchubuko.

Hatua ya pili: kumng'oa kupe ipasavyo

Chukua kibanio chenye ncha nyembamba, kile cha kung'olea nyusi kinatosha. Tenganisha manyoya, mkamate kupe karibu kabisa na ngozi ya mnyama, yaani kichwani na si tumboni, kisha mvute taratibu kwa nguvu isiyobadilika, moja kwa moja kwenda juu. Usimzungushe na usimpe mshtuko. Atashikilia kwa sekunde kadhaa, halafu utahisi ameachia. Usipokuwa na kibanio, funga kitanzi cha uzi wa kushonea chini ya tumbo lake, mahali anapogusana na ngozi, ukikaze na kuvuta kwa mwendo ule ule.

Mtumbukize katika kichupa cha spiriti, au maji yenye sabuni nyingi, na ukifunge. Kumpasua jike aliyevimba kwa kucha, au kumkanyaga sakafuni kwa kisigino, kama tulivyozoea kufanya utotoni, ni kuchafua mikono na sakafu kwa damu ambayo huenda ina maradhi. Mahali alipong'oka pasafishwe kwa maji na sabuni, au dawa ya vidonda. Kipande kidogo cha mdomo kikisalia ngozini usikichokonoe kwa sindano; ngozi hukitoa yenyewe, na uchokonozi ndio unaoleta usaha.

Kumpaka kupe mafuta ya taa, kumchoma kwa kijinga cha sigara au kumfunika kwa mafuta ya kujipaka ni tiba za barazani zisizofaa. Kupe anayeteswa akiwa bado amejikita huweza kutapika ndani ya kidonda, na hilo ndilo tunalolikimbia. Vivyo hivyo oili chafu ya gari, ambayo wengine huwapaka mbwa mwili mzima: huunguza ngozi, na mbwa akijilamba huingia tumboni.

Hatua ya tatu: dawa ya mnyama mwenyewe

Hapa ndipo nilipokosea vibaya, na naomba msomaji apunguze mwendo asome taratibu.

Mwaka wa kwanza wa kufuga, niliingia katika duka moja la dawa za mifugo nikaeleza shida yangu. Muuzaji alichota dawa kutoka kwenye galoni, akanimiminia katika chupa ya soda, akasema, "Kizibo kimoja kwa lita tano, dada, na hata paka mwogeshe." Chupa haikuwa na lebo. Nilimwogesha mbwa, na kwa kuwa maji yalibaki, nikamwogesha na paka. Baada ya muda usiotimia saa moja nilimkuta paka chini ya kitanda, masikio yakimtetemeka kana kwamba anafukuza nzi asiyeonekana, mate yakimchuruzika hadi kifuani, na kila nilipomgusa mwili mzima ukirukaruka. Nilimwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, nikamfunga kanga na kukimbia naye kwa daktari wa mifugo. Alipona baada ya siku mbili. Daktari aliniambia ile ilikuwa dawa ya ng'ombe ya jamii ya pairethroidi, kundi la sumu za kuulia wadudu, na kwamba ini la paka halina uwezo wa kuivunjavunja kama la mbwa.

Tangu siku hiyo nina masharti yangu ya kununua dawa, na sijayalegeza hata mara moja. Dawa iwe katika chupa au pakiti yake halisi yenye lebo, namba ya usajili na tarehe ya kuisha nguvu. Lebo itaje mnyama ninayempa: iliyoandikwa ng'ombe si ya mbwa mpaka daktari aseme, na iliyoandikwa mbwa kamwe si ya paka. Permethrini, ambayo ni ya jamii ile ile ya pairethroidi na imo katika dawa nyingi za mbwa za kutonesha mgongoni, inaweza kumuua paka. Amitrazi, ambayo ndiyo dawa ya kupe inayojulikana sana kwa wafugaji, nayo ni hatari kwa paka, na pia kwa punda, ambao huwasimamishia kazi ya utumbo. Wenye ndugu Lamu walikumbuke hilo wanapowapelekea dawa iliyobaki kwa nia njema.

Sasa tuangalie aina za dawa na mahali kila moja inapofaa.

Vidonge vya kutafuna ndivyo ninavyovitumia kwa mbwa leo, na kama mfuko unaruhusu ndivyo ninavyovipendekeza. Vyenye afoksolana hufanya kazi kwa mwezi mmoja hivi, na vyenye fluralana kwa muda wa wiki 8 hadi 12 kulingana na aina ya kupe na maelezo ya lebo. Dawa huzunguka katika damu, hivyo haioshwi na mvua wala bahari, jambo la maana kwa mbwa wa hapa anayeshuka ufuoni kila jioni. Kwa kuwa kupe lazima anyonye ndipo afe, utaendelea kumwona mmoja mmoja mwilini, na hilo halimaanishi kidonge ni bandia. Uzuri wake ni kwamba mbwa anageuka mtego: kila kupe anayeshuka ukutani kumfuata hunyonya na kufa kabla ya kutaga. Mbwa mwenye historia ya kifafa asipewe kabla ya daktari kushauriwa.

Kipimo hutegemea uzito, na kukisia kwa macho hutuponza. Nenda na mbwa hadi penye mizani ya kusimama, simama umempakata, soma uzito, kisha simama peke yako na utoe. Mbwa wa kilo 9 na wa kilo 12 huonekana sawa machoni, lakini huenda vidonge vyao vikawa tofauti.

Dawa ya kutonesha huwekwa kwenye ngozi, katikati ya mabega ambapo mnyama hafiki kwa ulimi, baada ya kutenganisha manyoya. Ikimwagwa juu ya manyoya ni hasara tupu. Usimwogeshe kwa sabuni siku mbili kabla wala siku mbili baada. Kwa paka, dawa ya fipronili iliyoandikwa ni ya paka ni chaguo la kawaida. Sungura, hata hivyo, wasipewe fipronili kabisa. Kuna pia kanda za shingoni zenye dawa, zipo za mbwa na zipo za paka, na zilizo bora hudumu hadi miezi minane. Zile za bei ya chee zinazouzwa barabarani bila jina la dawa ni mapambo.

Dawa ya kuogesha ndiyo nafuu kwa mfuko, hasa kwa mwenye mbwa wanne au watano, na sioni haya kusema bado ina kazi yake. Lakini kipimo kiwe cha kweli. Chukua mfano wa amitrazi ya asilimia 12.5: mililita 2 katika lita 1 ya maji hutoa mchanganyiko wa asilimia 0.025. Kizibo cha soda huchukua zaidi ya maradufu ya hizo mililita 2, na vizibo havilingani. Nunua sindano ya plastiki ya mililita 5, utoe ncha, uitumie kwa kazi hiyo tu, na ufuate kipimo kilichoandikwa kwa ajili ya mbwa. Vaa glavu, fanya kazi mahali penye hewa, asubuhi au alasiri jua likiwa limepoa, anza shingoni kushuka chini, usisahau katikati ya vidole, na ulinde mdomo na macho yake. Amitrazi haisuuzwi, huachwa ikaukie mwilini. Watoto wa mbwa walio chini ya miezi minne, mbwa mwenye mimba, mwenye kisukari na aliye mgonjwa wasiogeshwe dawa hiyo. Mbwa aliyeogeshwa akawa analegea na kusinzia kupita kiasi apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Paka atengwe naye mpaka akauke kabisa, kwa kuwa hao wawili hulala pamoja na paka humlamba mwenzake.

Wanyama wote wa nyumba moja watibiwe siku moja, kila mmoja kwa dawa yake. Kumtibu mbwa mkubwa ukamwacha mdogo ni kuwahamishia kupe chumba cha pili.

Hatua ya nne: nyumba

Hii ndiyo kazi nzito, na ndiyo isiyofanywa. Toa kila kitu mahali pa kulala mbwa. Gunia la zamani lichomwe. Mkeka na vitambaa vyenye thamani vifuliwe kwa maji ya moto sana na kuanikwa juani kutwa nzima. Fagia banda, kibaraza, nyuma ya mitungi, chini ya ngazi na pembe zote, na taka hizo zichomwe badala ya kutupwa jaani, kwa sababu kupe waliomo hurudi kwa miguu yao. Kisha mimina maji yanayochemka katika nyufa za sakafu na mahali sakafu inapokutana na ukuta. Maji ya moto huua hata mayai yanapoyafikia, hayagharimu kitu ila kuni au gesi, na hayana sumu.

Baada ya kukauka, ziba nyufa. Ukuta wa matumbawe una vishimo vingi kuliko uwezo wa dawa yoyote, na lipu moja ya saruji au chokaa, kuanzia chini hadi mita 2 kuzunguka banda, ilinisaidia kuliko chupa tatu za dawa. Angalia pia viunzi vya milango, nyuma ya picha, kwenye vitako vya swichi za umeme, na pale boriti na makuti yanapokutana na ukuta. Banda lenyewe likiwa la mbao, liinuliwe juu ya matofali ili uweze kufagia chini yake. Mimi nililitupa la mbao na kumjengea mbwa jukwaa la saruji laini, na sijajuta.

Dawa ya kunyunyizia nyumba itumiwe pale tu nyufa zimezibwa, katika sehemu zilizobaki, na iwe ile iliyosajiliwa kwa matumizi ya majengo. Nyingi ni za jamii ile ile iliyomdhuru paka wangu, kwa hiyo paka, kuku, watoto na vyombo vya chakula viondolewe mpaka kila kitu kikauke, na tangi la samaki wa kufugwa lifunikwe au lihamishwe. Dawa iliyobaki katika bomba la kunyunyizia isimwagwe karibu na kisima wala mtaro unaoelekea baharini, kwa kuwa pairethroidi ni sumu kali kwa samaki na kamba. Rudia kunyunyiza kwa muda uliotajwa kwenye lebo, ambao kwa kawaida ni wiki mbili hadi tatu, ili kuwapata wale walioanguliwa baada ya mara ya kwanza.

Kila Ijumaa usiku mimi humulika ukuta kwa tochi na kuandika idadi ya kupe kwenye kalenda ya jikoni. Wiki ya kwanza walikuwa 31, ya tatu 40, na mume wangu akaniambia ninapoteza pesa. Hiyo wiki ya tatu huwavunja watu wengi moyo, nayo ni ya kawaida, kwani ni kizazi kilichokuwa katika mayai na magamba ndicho kinachotoka. Wiki ya saba walikuwa 6. Wiki ya kumi na moja hakuwapo hata mmoja, na hapo sikuacha kidonge cha mbwa, kwa sababu nakumbuka mkomavu anavyovumilia njaa.

Hatua ya tano: ua, mbuzi na majirani

Nje ya nyumba wapo kupe wa aina nyingine, wale wa nyasini, wanaoletwa na mbuzi, ng'ombe na wanyama wa porini. Wanaoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, upande wa Gede, au karibu na kingo za Mto Sabaki ambako mifugo hunyweshwa, huwaona zaidi mvua za mwaka zinapokwisha kunyesha na nyasi kurefuka. Fyeka nyasi ziwe fupi, na uache ukanda wa mita 1 wenye kokoto au mchanga mtupu kuzunguka nyumba. Marundo ya kuni, matofali na makuti makuukuu yasiegemezwe ukutani. Mbuzi wafungwe upande wao, mbali na banda la mbwa, na waogeshwe kwa ratiba yao.

Kuku hula kupe, hilo ni kweli, na wa kwangu huwadonoa sakafuni alfajiri, ingawa hawawezi kuingia ufani. Mwarobaini, ambao hapa Malindi umejaa kila ua, wengi huchemsha majani yake na kumwogesha mbwa. Sina ugomvi nao kama nyongeza, ila nimewaona kupe wakitambaa juu ya mbwa aliyetoka kuogeshwa maji ya mwarobaini, na singeutegemea pekee palipokwisha kuwa na maradhi.

Jirani mwenye mbwa watatu wanaozurura atakurudishia kupe kila usiku kupitia uwazi wa lango. Nenda ukazungumze naye kwa upole. Kununua dawa ya kuogesha pamoja na kugawana gharama kumenipunguzia matumizi kuliko kuzozana.

Dalili za maradhi

Mbwa aliyeumwa na kupe wengi anaweza kupata ugonjwa wa erlikia au wa babesia, maradhi ya damu yanayoenezwa na kupe, au yote mawili. Inua mdomo wake utazame ufizi: ukiwa mweupe badala ya waridi, au umegeuka manjano, hiyo ni dharura. Nyingine ni homa, kukataa chakula, kulegea, kutokwa na damu puani, vitone vyekundu tumboni pasipo manyoya, na mkojo wa rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Usisubiri dalili ya pili ikiwa ya kwanza ipo. Daktari atapima damu na kuchagua dawa. Erlikia kwa kawaida hutibiwa kwa doksisiklini kwa wiki 4 hivi, na mbwa huchangamka baada ya siku chache tu, jambo linalowafanya wengi kuacha vidonge katikati. Vimalizwe. Kidonge cha mwenzio kilichosalia, au sindano ya mpita njia mwenye begi, usikubali. Muulize anayekutibia mnyama namba yake ya usajili katika Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, naye kama ni daktari wa kweli hatachukia.

Watu wa nyumbani

Watoto wanaocheza kibarazani wakaguliwe jioni wanapooga: nyuma ya masikio, nyweleni, makwapani na kiunoni. Kupe atolewe kwa njia ile ile ya kibanio. Kuna homa za kupe zinazowapata watu, na moja ya alama zake ni kigaga cheusi mahali palipoumwa, pamoja na homa, maumivu ya kichwa na mara nyingine upele. Kwetu pwani kila homa huanza kwa kudhaniwa malaria, na ni haki kupimwa malaria kwanza, lakini kipimo kikionyesha hakuna, mwambie daktari kwamba nyumbani kuna mbwa na kwamba mtoto alitolewa kupe siku fulani. Asipoambiwa, hana jinsi ya kulifikiria. Ndiyo maana kile kichupa cha spiriti sikitupi mara moja. Hubandika karatasi yenye tarehe na jina la aliyetolewa, nikakiweka juu ya kabati kwa mwezi mmoja, tayari kwenda nacho kliniki.